Nairobi hadi New York: upande ndege ya moja kwa moja, upitie Ulaya au upitie Ghuba?

Umbali kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy (JFK), New York, ni kilomita 11,840 hivi ukipimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Hiyo ni zaidi ya robo ya mzunguko mzima wa dunia. Ukitafuta tiketi, kilomita hizo huoni zikitajwa popote: unaonyeshwa bei na jumla ya saa, na watu wengi huchagua kwa kutazama hizo mbili tu. Mimi nashauri uongeze mambo mawili kwenye hesabu yako. La kwanza ni saa kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani hadi unapofika mlango wa unakokwenda. La pili ni mara ngapi utashuka ndege moja ukatafute nyingine, kwa sababu safari ndefu huharibikia hapo kuliko mahali pengine.

Njia ya moja kwa moja ni ya juzijuzi. Februari 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na bila daraja hilo shirika la Kenya lisingeweza kufungua safari ya kwenda huko. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikarusha ndege ya kwanza, Boeing 787-8 yenye viti 234. Kabla ya hapo kila abiria wa New York alilazimika kuunganisha mahali fulani. Wengi bado wanaunganisha, na wana sababu zao.

Huu hapa ulinganisho wa njia zinazotumiwa sana. Umbali ni wa mstari mfupi kabisa kati ya viwanja, na saa ni za kuwa ndani ya ndege kwa makadirio, bila kuhesabu muda wa kungoja.

| Njia | Umbali (km) | Saa ndani ya ndege, kwenda |
|---|---|---|
| Moja kwa moja | 11,840 | 15 |
| Kupitia Paris | 12,330 | 17 |
| Kupitia London | 12,390 | 17 |
| Kupitia Amsterdam | 12,530 | 17 |
| Kupitia Doha | 14,120 | 19 |
| Kupitia Abu Dhabi | 14,480 | 19 |
| Kupitia Dubai | 14,560 | 19 |

Tazama safu ya umbali. Kupitia Ulaya kunaongeza kilomita 500 hadi 700 tu, kwa hiyo London na Paris si kuzunguka hata kidogo, zipo karibu na njia. Ghuba, yaani Doha, Abu Dhabi na Dubai, ndiyo inayozungusha. Unaondoka Nairobi ukielekea kaskazini-mashariki, halafu unageuzwa kurudi magharibi, na unapofika New York umeongeza kilomita zaidi ya 2,200 ukipitia Doha, au 2,700 ukipitia Dubai. Kwa mwendo wa ndege hizi, kilomita 900 kwa saa hivi, hiyo ni karibu saa mbili na nusu hadi tatu za ziada angani kwa umbali pekee.

Lakini usiitupe Ghuba kwa sababu hiyo pekee. Mashirika ya Ghuba yamejengwa juu ya biashara ya kuunganisha, na ndege zao hupangwa zifike kwa mafungu na kuondoka kwa mafungu. Kungoja kwa saa mbili na nusu Doha kunaweza kukufikisha New York mapema kuliko kungoja kwa saa sita Amsterdam, ingawa ramani inasema kinyume. Jumla ya safari yenye kituo kimoja inaweza kuwa saa 20 na inaweza kuwa saa 30, kwa njia ileile, wiki ileile. Kwa hiyo ukishachagua njia hujamaliza. Fungua kila ratiba utazame muda wa kungoja umeandikwa saa ngapi.

Sasa saa zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa kiangazi chao. Wao husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi chochote. Chukua ratiba ya mwanzo ya ndege ya moja kwa moja kama mfano, huku ukijua kwamba ratiba hubadilika kila msimu. Kuondoka Nairobi ilikuwa saa 5:25 usiku, ambayo kwenye tiketi inaandikwa 23:25. Kutua New York ilikuwa saa 12:25 asubuhi, 06:25. Ukitoa kijuujuu unapata saa 7, na mtu anaweza kudhani ndege imewahi sana. Ongeza zile saa 8 za tofauti na unapata 15 kamili. Kurudi, ndege iliondoka saa 6:25 mchana ikatua Nairobi saa 4:55 asubuhi ya kesho yake. Hapo ukitoa unapata saa 22 na nusu. Punguza 8, zinabaki 14 na nusu.

Mtego mwingine ni tarehe. Ndege nyingi za Ulaya na Ghuba huondoka Nairobi usiku, na baadhi yake baada ya saa sita usiku. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15 saa 00:40 ina maana uwe uwanjani tarehe 14 jioni. Mwambie hivyo hata anayekuja kukupeleka uwanjani.

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi? Juu kule ndege zinakopita, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi nguvu. Juu ya Atlantiki ya kaskazini unaonekana wazi: London hadi New York ni kama saa 8, kurudi ni 7 au pungufu. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Njia yetu ya moja kwa moja haiguswi sana hivyo, kwa sababu nusu yake ya kwanza iko juu ya Afrika ambako pepo hizo ni hafifu. Ndiyo maana tofauti ya kwenda na kurudi ni kama nusu saa hadi saa nzima. Ukipitia Ulaya, kipande cha pili ndicho kinachokutana na upepo uso kwa uso.

Njia fupi kabisa kwenye tufe la dunia inatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, inapita Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Moroko, halafu inaingia baharini na kupita kwenye visiwa vya Azores kabla ya kufika Marekani. Mtu aliyezoea ramani ya ukutani hutegemea mstari unyooke moja kwa moja kuelekea magharibi, lakini dunia ni mviringo. Angalia majina ya nchi hizo. Anga ya Sudan, iliyo jirani na mstari huo, ilifungwa kwa ndege za kiraia vita vilipozuka Aprili 2023. Niger ilifunga yake Agosti 2023 baada ya mapinduzi, ikaifungua mwezi uliofuata. Kila anga inapofungwa, marubani huzunguka, na saa 15 zinaweza kuongezeka bila kosa la mtu yeyote aliye ndani ya ndege. Ghuba nayo ina misukosuko yake: tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zilizokuwa njiani kwenda Doha zikaelekezwa kwingine. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kuna njia isiyo na hatari ya kucheleweshwa. Tofauti ni kwamba ndege ya moja kwa moja ikichelewa unachelewa wewe tu, lakini ya kuunganisha ikichelewa kuna ndege ya pili inayoweza kukuacha.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo abiria wengi hawalijui na linaathiri sana safari hii. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto huwa nyepesi zaidi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu ndogo wakati wa kupaa. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 ni nzito. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 4 na ushee, na bado uzito lazima uhesabiwe kwa makini. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, kunasaidia sana. Addis Ababa iko juu zaidi, zaidi ya mita 2,300, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini safari za shirika la Ethiopian kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani, kwa mfano Lomé, Togo, kwa ile ya Newark, uwanja ulio jirani na New York, ilhali kurudi kutoka Washington ndege huja Addis bila kutua. Sikuiweka Addis kwenye jedwali kwa sababu hiyo: kwa kilomita ni kama London, lakini unaweza kutua mara mbili kabla ya kufika, na ulinganisho ungekupotosha.

Tuje kwenye mwili. Saa 15 za kukaa kiti kimoja si mchezo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka kama mara mbili kwa safari ya kukaa saa 4 au zaidi, na inazidi kadiri safari inavyorefuka. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, ila mwenye historia ya ugonjwa huo, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kukata tiketi yoyote kati ya hizi. Kwenye njia ya moja kwa moja, chagua kiti cha kando ya ujia ili uweze kusimama bila kuamsha watu. Njia ya London ina vipande viwili vinavyokaribiana, karibu saa 9 na 8, na unatembea katikati. Ya Ghuba ina kipande cha saa 5 na kingine cha 14, kwa hiyo anayekimbilia Doha ili aepuke kukaa muda mrefu hajaepuka kitu.

Upande wa hewa ya ndani, Boeing 787, ile ya njia ya moja kwa moja, inasifika na inastahili sifa. Shinikizo la hewa ndani yake hulinganishwa na kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, ilhali ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Mtu wa Nairobi hapo amebaki karibu na mwinuko alioishi siku zote. Ukiwa unaunganisha, angalia aina ya ndege ya kile kipande kirefu. 787 na Airbus A350 ndizo ningezitafuta.

Usingizi nao una hesabu yake. Ndege ya moja kwa moja ya usiku ukilala ukaamka unatua asubuhi, na siku nzima ya New York iko mbele yako wakati mwili wako unasema ni alasiri. Ukijikaza hadi jioni unazoea upesi. Kurudi ni kugumu zaidi, kwa sababu kusogea mashariki kunakulazimisha kulala kabla mwili haujataka. Mtu mwenye mkutano au mtihani baada ya kurudi Nairobi ajipe siku mbili tatu.

Sasa nizungumzie kuunganisha kwenyewe, kwa sababu hapa pana mambo mengi ambayo bei haiyaonyeshi. Swali la kwanza ni hili: vipande vyote viwili vimo kwenye tiketi moja? Vikiwa kwenye tiketi moja, mizigo yako inapewa lebo Nairobi hadi New York, na ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu zikijumlishwa ni nafuu, shirika la pili halina habari nawe. Ukichelewa umeipoteza, na huenda ukatakiwa utoke nje ukachukue mizigo na kuisajili upya, jambo ambalo linaweza kudai viza ya nchi hiyo. Tiketi mbili sizishauri kwa mtu yeyote kwenye njia hii, hata akiwa na siku nzima ya kungoja.

Kuhusu viza za kupitia, mwenye pasipoti ya Kenya yuko kwenye orodha ya Uingereza ya wanaohitaji ruhusa ya kupita uwanjani, lakini viza halali ya Marekani kwa kawaida humwondolea sharti hilo. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza wiki unayokata tiketi. Anayesafiri na jamaa wenye pasipoti tofauti aangalie ya kila mmoja. Njia ya moja kwa moja inaondoa maswali haya yote.

Muda wa kuunganisha ningeutaka uwe kati ya saa mbili na nusu na nne. Saa moja na dakika kumi, ambayo mifumo ya kuuza tiketi huiruhusu bila wasiwasi, inatosha tu kama ndege yako imetua kwa wakati, lango haliko mbali, na foleni ya ukaguzi imekuwa fupi. Desemba hadi Februari ongeza, kwani theluji na ukungu wa Ulaya huvuruga ratiba, na theluji huvuruga safari za New York yenyewe pia.

Abu Dhabi ina kitu ambacho wengine kwenye jedwali hawana. Tangu Januari 2014 kuna maafisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani palepale uwanjani. Unapita mikononi mwao kabla ya kupanda ndege, na ukifika New York unatoka kama aliyetoka mji mwingine wa Marekani, bila foleni ya pasipoti. Uzuri wake ni kwamba foleni ya JFK asubuhi, ndege kadhaa kubwa zikitua pamoja, inaweza kukumaliza baada ya safari ndefu. Ubaya wake ni kwamba ukaguzi huo unakula muda wa kuunganisha, hivyo usichukue muda mfupi hapo. Kwa anayeingia Marekani mara ya kwanza na viza ya mwanafunzi, mwenye karatasi nyingi za kuonyesha, ningependa aulizwe maswali Abu Dhabi akiwa bado na nguvu.

Nani basi achukue njia ipi? Mzazi mzee anayekwenda kumwona mwanawe, hasa asiyezungumza Kiingereza vizuri, namkatia ya moja kwa moja bila kusita, hata ikizidi bei. Anasindikizwa Nairobi, anapokelewa New York, na katikati hapotei mahali. Ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama anatembea. Hakilipiwi, na anayemsukuma atamvusha kwenye kila foleni. Mwenye watoto wadogo pia ningemwelekeza huko, ingawa wapo wanaopenda kuvunja safari watoto wakimbie kidogo, na kwa hao London au Amsterdam, vipande vikikaribiana, ni bora kuliko Ghuba. Kijana mwenye bajeti ndogo na subira atazame Ghuba na Ulaya zote, alinganishe kilo za mizigo anazoruhusiwa pamoja na bei, kwa maana begi la ziada likilipiwa uwanjani linaweza kuimeza nafuu yote.

Ila swali ambalo ningeliuliza kabla ya yote ni kama kweli unakwenda New York. Wakenya wengi wanakwenda Minneapolis, Dallas, Houston au Seattle, na wananunua ya moja kwa moja hadi JFK wakidhani wamepunguza usumbufu. Sheria ya Marekani inataka uchukue mizigo yako kwenye uwanja wa kwanza unaotua, uipitishe forodha, kisha uisajili tena. Ukishafanya hivyo JFK bado unatafuta ndege ya ndani, na baadhi ya hizo huondokea LaGuardia, uwanja mwingine kabisa ng'ambo ya pili ya Queens. Anayekwenda Minneapolis anaweza kubadilisha ndege mara moja tu, Amsterdam. Anayekwenda Dallas, Houston au Seattle anazo Doha na Dubai, na hapo zile kilomita za kuzunguka zinampa ndege inayotua mjini kwake, mizigo anaichukua mara moja, na aliyekuja kumpokea anamngoja nje ya mlango huohuo.